Kofia ngumu ni kinga ya mwisho kazini, si ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1998, wakati wa mvua kubwa za El Nino, maji yaliingia ghafla katika mashimo ya machimbo ya tanzanite huko Mererani, wilayani Simanjiro, na kuua makumi ya wachimbaji waliokuwa chini ya ardhi.

Miaka 10 baadaye, Machi 2008, mvua kubwa ikanyesha tena. Maji yakaingia tena katika mashimo ya eneo lile lile, na makumi ya wachimbaji wengine wakapoteza maisha.

Kila unapotokea msiba wa aina hii, neno linalosikika haraka midomoni mwa watu ni kwamba ajali haina kinga. Ni neno la kuwafariji wafiwa, na kwa kazi hiyo lina maana yake.

Hata hivyo, kwa wataalamu wa usalama na afya mahali pa kazi, ajali inayotokea mara mbili mahali pamoja na kwa namna ile ile ni hatari iliyokwisha kujulikana, ambayo haikudhibitiwa.

Je, kinga ya ajali kazini huanzia wapi?

Wengi wakiulizwa swali hilo hutaja kofia ngumu, buti, glavu na fulana inayong'aa. Hivyo ndivyo vifaa vinavyoonekana kwa macho, na ndivyo ambavyo mgeni rasmi huvishwa anapotembelea kiwanda mbele ya wapiga picha.

Lakini kofia ngumu haizuii maji. Mchimbaji aliye mamia ya mita chini ya ardhi, katika njia nyembamba zinazoungana na mashimo ya jirani, hawezi kuokolewa na kifaa alichokivaa kichwani.

Ndiyo maana wataalamu hupanga kinga katika ngazi tano, kuanzia iliyo imara zaidi hadi iliyo dhaifu.

Ngazi ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Kama kazi ya juu ya paa inaweza kufanyiwa chini kisha kifaa kikapandishwa kwa winchi, basi hakuna atakayeanguka.

Ngazi ya pili ni kubadili kitu cha hatari kwa kingine kisicho na madhara makubwa, kwa mfano kutumia rangi isiyo na madini ya risasi.

Ngazi ya tatu ni ya kihandisi, yaani kumtenga mfanyakazi na hatari. Hapa ndipo panapoingia vizuizi vinavyofunika mikanda na magurudumu ya mashine, mitaro inayoyaelekeza maji ya mvua mbali na mdomo wa shimo, na uchorongaji wa miamba kwa kutumia maji ili vumbi lisitimke.

Vumbi hilo si jambo dogo. Vumbi la silika linalotoka kwenye miamba huingia ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba, ambao pia humweka mchimbaji katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu.

Ngazi ya nne ni taratibu za kazi: mafunzo, alama za tahadhari, amri ya kusimamisha kazi mvua inapozidi, na kibali cha maandishi kabla ya fundi kugusa mtambo.

Mfano unaotumika hadi leo kufundishia umuhimu wa kibali hicho ulitokea katika Bahari ya Kaskazini, nje ya pwani ya Scotland, Julai 6, 1988.

Katika jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, mafundi wa zamu ya mchana waliiondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ifanyiwe matengenezo. Kazi haikuisha, na taarifa hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku.

Usiku pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 1990, ulitoa mapendekezo 106. Somo kubwa kwa viwanda duniani ni kwamba karatasi moja isiyofika mkononi mwa mtu anayehusika inaweza kuua kuliko mashine mbovu.

Ngazi ya tano, na ya mwisho, ndiyo kofia, buti, glavu na barakoa. Kazi yake ni kupunguza madhara pale ngazi nyingine zote zinaposhindwa.

Kwa bahati mbaya, waajiri wengi huanzia hapa na kuishia hapa. Sababu yake haihitaji utafiti mkubwa: kofia ni rahisi kununua, wakati kubadili mtambo ni gharama, na kusimamisha uzalishaji ni hasara inayoonekana siku hiyo hiyo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kusajili eneo lake la kazi, kuwapima afya wafanyakazi na kuwa na wawakilishi wa usalama.

Aidha, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao hulipa matibabu na fidia kwa aliyeumia au wategemezi wa aliyefariki kutokana na kazi.

Lakini fidia huja baada ya msiba. Na kibarua anayelipwa kwa siku bila kuandikishwa popote hujikuta pabaya zaidi, kwani akiumia huwa hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba alikuwa kazini.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na kazi. Kati yao takriban 330,000 huuawa na ajali. Waliobaki huuawa na magonjwa yatokanayo na kazi, ambayo hayatangazwi kwa ving'ora.

Juni 2022, shirika hilo liliyatangaza mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Haki hiyo huanza kutekelezwa kwa jambo dogo: mfanyakazi anayeona nyufa kwenye ukuta wa shimo, au kizuizi kilichoondolewa kwenye mashine, aweze kusema bila kuogopa kufukuzwa, na anayeambiwa achukue hatua kabla ya zamu inayofuata.

Mererani ilitoa onyo mwaka 1998. Swali ambalo kila kiwanda, mgodi na eneo la ujenzi linapaswa kujiuliza leo ni hili: ni onyo gani tulikwisha kulipata, nasi tukagawa kofia tu?