Dawa za kolesteroli na mugonjwa wa pumu



Mukaaji wa Mapendo anajua vumbi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake ndani ya mji wa Goma. Magari yanasaga mawe yake meusi, na vumbi inaingia hata ndani ya sufuria. Ikichanganyika na moshi wa makala, inatesa wenye pumu.

Kisha umri unasonga. Munganga anapima damu ya mugonjwa huyo na kukuta kolesteroli nyingi, ni kusema mafuta yanayoshika kwenye mishipa na kuweza kuziba damu ya moyo ao ya ubongo. Anamwandikia statini, kama simvastatini. Mugonjwa anaogopa: itanifunga pumzi?

Hapana. Statini inafanya kazi katika maini, kupunguza kolesteroli inayotengenezwa kule. Statini ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Watafiti walijaribu hata kuona kama inaponyesha pumu, lakini majibu yao hayakupatana. Kwa hiyo usitupe pompi yako ya kupumulia.

Angalia dawa zinazotembea pamoja nayo

Propranolol, ya tansio na ya moyo, inaweza kukaza njia za hewa na kuleta shambulio kali la pumu.

Aspirini inawakosesha pumzi baadhi ya wenye pumu.

Eritromisini na klaritromisini, zinazotolewa kwa ugonjwa wa kifua, zinazuia mwili kuondoa simvastatini. Basi simvastatini inajaa katika damu, inaweza kuharibu misuli, na kisha figo. Si jambo la kila siku, lakini linaua.

Alama zake: misuli inauma na kulegea, mukojo unakuwa mweusi kama kahawa. Mufanyakazi wa mugodi amezoea kuumwa mwili, anasema ni uchovu wa kazi. Akiwa anakunywa statini, asiseme hivyo: aende kwa munganga siku ileile.

Ndugu, usinunue dawa kwa kukumbuka rangi ya kidonge. Siku ya kwenda kupimwa, tia dawa zako zote ndani ya mufuko mumoja, pamoja na pompi, hata kidonge alichokupa jirani. Weka mufuko mbele ya munganga na kumwambia kwanza: nina pumu.