Taarab na Mzaha wa Unyago katika Albamu ya Kumbukumbu ya Bi Kidude

Utangulizi

Fatma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa na sifa mbili ambazo kwa kawaida hazikai kwa msanii mmoja. Alikuwa mwimbaji wa taarab, na alikuwa kungwi na mpiga ngoma wa unyago. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara ulioanza mwaka 2005 chini ya uhariri wa Werner Graebner, ilikusanya sauti zake zilizorekodiwa nyakati mbalimbali na kuzitoa katika albamu moja yenye tanzu zote mbili. Makala haya yanaeleza namna tanzu hizo zinavyotofautiana, na yanadai kwamba kuzikutanisha kunamdai mtoaji maelezo ambayo santuri peke yake haiwezi kuyatoa.

Tanzu Mbili

Taarab ni ushairi unaoimbwa. Ubeti wake wa kawaida una mishororo mitatu, kila mshororo una mizani kumi na sita, na vina hutokea kati na mwisho. Udi, fidla na kanuni hutangulia, mwimbaji hufuata, na hadhira hukaa ikisikiliza. Aliyeguswa na neno huinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Maudhui yake makuu ni mapenzi, na hata palipo na ugomvi, lugha hufunikwa kwa mafumbo.

Unyago, kinyume chake, ni mafunzo. Mwari hufundishwa usafi, adabu na mambo ya ndoa, na wanaohudhuria ni wanawake watupu. Nyimbo zake ni fupi; kiitikio hurudiwarudiwa juu ya mdundo wa ngoma, huku viungo vya mwili vikifafanua kile ambacho kinywa kimekigusia tu. Mzaha ndio chombo chake cha kufundishia. Jambo ambalo mama haliwezi kumwambia binti yake uso kwa uso husemwa na kungwi kwa utani, watu wakacheka, na somo likaingia pamoja na kicheko. Ni dhahiri basi kwamba mzaha huo haufanywi kwa ajili ya kuchekesha tu.

Kati ya Simanzi na Kejeli

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba taarab ni uzito mtupu na unyago ni kicheko kitupu. Mfano mzuri ni wimbo wa Kijiti, uliotoka kwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia Ng'ambo na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude aliurithi wimbo huo na kuuimba kwa miaka mingi. Kama alivyoonesha Laura Fair katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, wimbo unahusu mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam akauawa. Mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Msikilizaji wa Ng'ambo wa enzi hizo aliusikia msiba, lakini aliisikia pia kejeli dhidi ya mahakama ya wakoloni. Msikilizaji wa leo asiyejua kisa husikia sauti nzito ya bibi kizee na lahani ya kupendeza, basi.

Tatizo la Kutoa Upya

Hapa ndipo hatari ilipo. Lahani husafiri bila pasipoti, lakini kejeli na mzaha huishi katika ujuzi wa pamoja wa wanaosikiliza. Ujuzi huo ukikatika, wimbo wa kudai haki hugeuka burudani, na somo la unyago hugeuka ama kelele za ngoma, ama uchafu wa maneno. Aidha, unyago una suala la staha: maneno yaliyokusudiwa wanawake ndani ya ua, yakishatiwa katika santuri, humfikia kila mwenye chombo cha kusikilizia.

Kwa hiyo, kazi ya kutoa upya ni kazi ya fasihi kama ilivyo kazi ya sauti. Matini yote yaandikwe kwa Kiswahili, si tafsiri peke yake. Kisa cha kila wimbo kielezwe. Msamiati wa Ng'ambo na wa makungwi ufafanuliwe kwa kadiri wanawake wenyewe wanavyoridhia.

Hitimisho

Albamu inayokusanya taarab na unyago wa Bi Kidude haikuchanganya mambo yasiyohusiana. Imerejesha mahali pamoja simanzi na kicheko, ambavyo Ng'ambo vilikuwa vikikaa pamoja tangu zamani. Lakini sauti imeshahifadhiwa. Maana bado iko vinywani mwa wazee wachache wa Unguja. Wasipoulizwa sasa, santuri itabaki ikiimba, na hapatakuwa na wa kucheka.