Kulima na Kutunza

Katika Mwanzo 2:15 twaona kwamba mwanadamu alipewa kazi mbili: kuilima bustani na kuitunza. Sisi wa Kitale na Bungoma twaijua sana ile ya kwanza. Mahindi yetu ni shahidi. Je, ile ya pili?

Tuutazame mto Nzoia. Maji yake hutoka milima ya Cherangani na Elgon, hupita kwetu, kisha huingia Ziwa Viktoria. Penye miti, mvua huingia ardhini polepole, na chemchemi hutoka hata wakati wa kiangazi. Tukifyeka miti na kulima hadi ukingoni, mvua hiyo hiyo hukimbia na udongo wetu, na kuzidisha mafuriko kule Budalangi, ambako mwaka 2020 watu wengi walihama nyumba zao.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu kuhusu jirani. Jirani yetu ni huyo pia wa chini ya mto, tusiyemjua jina.

Karibu na Kitale kuna kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe. Ni kidogo, kama kilomita 3 za mraba, lakini chatufundisha kwamba kidogo kikitunzwa hudumu.

Basi tuache ukingo bila jembe. Tupande mabingobingo kwenye matuta, wala tusipande mikaratusi karibu na chemchemi.

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe udongo tulioupoteza; utufanye watunzaji waaminifu. Amina.