Mikono Ina Unga, Simu Inaita: Ufanyeje?

Ilikuwa saa moja jioni, kwa mama anayetuuzia chapati mtaani. Unga umemfika viwikoni, foleni ni ndefu, na simu iko kwa mfuko wa aproni. Mwenye duka anayemletea unga anapiga, anataka pesa yake. Mama anamwambia kijana aliye mbele kwa foleni, "Hebu nitolee hiyo simu, mtumie elfu mbili." Halafu, bila kufikiria, anataja PIN yake kwa sauti.

Siku hiyo hakuibiwa. Lakini nilirudi nyumbani na chapati zangu nne, na PIN ya mtu mwingine kichwani.

Usimcheke. Ukiwa unafua, umebeba mtoto au unatengeneza gari, simu haikungoji umalize. Ndiyo maana kampuni za teknolojia zimekuwa zikitafuta njia ya wewe kuiamuru simu bila kuishika.

Vidole viwili vinatosha

Mwaka wa 2023, Apple ilileta kwenye saa yake ya Series 9 ishara rahisi: unagonganisha kidole gumba na cha shahada mara mbili, kwa mkono uliovaa saa. Simu inapokelewa, kengele inaahirishwa, muziki unasimama. Saa inajuaje? Vitambuzi vyake husoma mtikisiko mdogo wa mkono na jinsi damu inavyobadilika kupita pale kwenye kifundo vidole vinapogusana.

Meta nayo ilianza kuuza miwani nchini Marekani mwaka wa 2025, pamoja na bangili inayosoma ishara za misuli ya mkono. Ukisogeza kidole kidogo tu, miwani inatii.

Lakini kulipa ni jambo lingine

Angalia hapa vizuri. Kwenye saa hiyo hiyo ya Apple, ukitaka kulipa kwa Apple Pay lazima ubonyeze kitufe cha pembeni mara mbili. Kugonganisha vidole hakutoshi. Na ina maana: ukipokea simu kwa bahati mbaya, unakata, yameisha. Ukituma pesa kwa bahati mbaya, unaanza kumbembeleza mtu usiyemjua akurudishie.

PIN inakuchelewesha kidogo makusudi. Sekunde hizo chache ndizo za kusoma jina na kiasi kabla ya pesa kutoka.

Huna saa ya bei? Jaribu hizi

- Nyamazisha kwanza. Kwa simu nyingi, ukibonyeza kitufe cha sauti simu ikiwa inaita, mlio unakatika lakini simu haikatwi. Kifundo cha kidole kinatosha, hata kikiwa na unga.
- Tumia earphone. Zile za waya zenye kitufe, bonyeza mara moja upokee, tena mara moja ukate.
- Gonga mgongo wa simu. iPhone 8 na zilizofuata, zikiwa na iOS 14 au mpya zaidi, zina mpangilio wa kugonga nyuma mara mbili au tatu, kwa mfano kupunguza sauti. Utaupata kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya mguso.

Pesa ingoje unawe

Kwa malipo, hakuna njia ya mkato:

1. Mwambie anayedai, "Nipe dakika mbili."
2. Nawa, kausha mikono, shika simu mwenyewe.
3. Soma jina na kiasi. Kama jina si lile unalolijua, acha hapo hapo.
4. Weka PIN mwenyewe, skrini ikiwa upande wako.

Mtu akikusaidia kusoma meseji, sawa. Akikusaidia kuweka PIN, huo si msaada tena, hata kama ni mtoto wako.

Nilimngoja yule mama foleni ilipoisha siku iliyofuata, nikamwambia nilichosikia. Alishika kichwa, unga na yote. Tukabadilisha PIN yake pale pale: mimi nilimwonyesha menyu, kisha nikageuka nikatazama barabara akiandika. Sasa ana taulo limening'inia kando ya jiko, na akipigiwa kuhusu pesa jibu lake ni moja: "Ngoja ninawe."

Na wewe je, ni nani mwingine anayejua PIN yako? Kama kuna jina limekujia kichwani, ibadilishe leo kabla hujalala.