Mgonjwa wa Moyo na Safari ya Kutazama Mito ya Barafu

Kila kiangazi, meli hupeleka wasafiri Alaska, Marekani, kutazama mito ya barafu: theluji iliyoshindiliwa kwa karne nyingi, inayoteremka polepole kutoka milimani hadi baharini. Wengi huuliza ni meli ipi itakayowasogeza karibu zaidi na barafu. Mwenye maradhi ya moyo ana swali la kutangulia hilo: akizidiwa, nani atamhudumia, na hospitali iko umbali gani?

Meli kubwa huwa na zahanati, daktari na wauguzi, tena huyumba kidogo. Meli ndogo hupenya kwenye ghuba nyembamba, lakini nyingi hazina daktari.

Njia nayo ina uzito wake. Inside Passage hupita kati ya visiwa vinavyokinga mawimbi. Safari ya kwenda Seward au Whittier hukata Ghuba ya Alaska, ambayo ni bahari wazi. Hata Juneau, mji wenye hospitali, haufikiki kwa barabara kutoka nje. Mgonjwa mahututi huhitaji ndege, na ukungu huweza kuichelewesha.

Kabla ya kulipa nauli, mgonjwa na amwone daktari wake, akate bima inayogharimia ndege ya dharura, na dawa za kuzidi siku za safari azitie kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Barafu hutazamika hata kwa mbali. Tabibu aliye mbali hatibu.