Kasi ya bunduki ya upepo: kwa nini hubadilika na jinsi ya kuituliza

Katika vilabu vya kulenga shabaha nchini Uingereza, mlengaji huweza kukosa bila mkono wake kutetereka. Jicho limetulia, pumzi imezuiwa, lakini risasi imetoka polepole kuliko ile iliyoitangulia, ikatua chini ya tundu. Ikitoka kwa kasi ya kupita kiasi, hasara yaweza kuwa kubwa kuliko alama iliyopotea, kwani hapo sheria nayo ina neno lake.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile yenye mtungi uliojazwa hewa mapema, mara nyingi hadi baa 200. Gurudumu la gari dogo huhitaji baa mbili na kitu tu, kwa hiyo msomaji anaweza kukisia nguvu iliyofungiwa humo.

Tatizo la kasi kubadilika si geni. Jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo ya Girandoni mwaka 1780, na hata wakati huo askari walijua kwamba kila risasi iliyotoka ilipunguza hewa iliyobaki, na nguvu ya zilizofuata ikafifia.

Nyundo na hewa

Kifyatulio kinapovutwa, nyundo ndogo inayosukumwa na springi hugonga mkia wa vali. Vali hufunguka kwa muda mfupi mno, hewa hupenya na kuisukuma risasi ndani ya mtutu. Lakini hewa ileile ndiyo inayoisukuma vali ijifunge. Mtungi ukiwa umejaa sana, vali hufunguka kidogo na kujifunga upesi, na risasi hutoka kwa kasi ndogo. Hewa ikipungua, vali hukaa wazi zaidi na kasi hupanda. Ikipungua mno, haina tena nguvu, na kasi hushuka. Bunduki isiyo na kidhibiti basi hupanda na kushuka mlima mmoja kila inapojazwa.

Kidhibiti kinafanya kazi ileile inayofanywa na kile kilicho juu ya mtungi wa gesi ya jikoni. Ndani yake mna pistoni inayotegemea washa nyembamba zilizobinuka kama visahani. Hewa ya baa 200 huingia upande mmoja, na upande wa pili, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya vali, hukaa hewa ya kiwango kimoja, tuseme baa 100. Chumba kikifikia kiwango hicho, pistoni huziba njia.

Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha hapo. Haijaisha. Kidhibiti hutuliza hewa tu. Bado nyundo lazima ilingane na hewa hiyo. Bunduki ya bei kubwa ambayo vitu hivi viwili havikupatanishwa yaweza kushindwa na ya kawaida iliyorekebishwa kwa subira.

Kupima na kurekebisha

Bila kronografu, yaani kifaa kinachopima kasi ya risasi inapotoka mtutuni, hakuna marekebisho, kuna kubahatisha tu. Hata geji ndogo zilizo kwenye bunduki zisiaminiwe sana.

Springi ya nyundo hulegezwa kwanza, kisha hupigwa risasi tano na wastani wake kuandikwa. Springi hukazwa robo mzunguko, risasi tano nyingine hupigwa, na kuendelea hivyo. Mwanzoni kasi hupanda kwa hatua kubwa, halafu hatua hupungua, na mwishowe kukaza zaidi hakuongezi kitu ila kupoteza hewa na kuzidisha mlio. Mahali panapotafutwa ni kabla kidogo ya kikomo hicho, pale kasi inapokuwa pungufu ya ile ya juu kabisa kwa asilimia tatu hivi. Hapo nyundo ikigonga kwa nguvu kidogo zaidi au kidogo pungufu, kasi haishtuki.

Ikiwa kasi ya mahali hapo ni kubwa kuliko inayotakiwa, kishawishi ni kulegeza springi. Afadhali kupunguza kiwango cha kidhibiti, kisha kuanza upya. Atakayelegeza springi peke yake atabaki na hewa nzito mbele ya nyundo dhaifu. Hewa ya mtungi itakaposhuka chini ya kiwango cha kidhibiti, vali itaanza kufunguka zaidi na kasi itapanda ghafla, wakati mwenyewe anatarajia ishuke.

Kabla ya kukigusa kidhibiti, hewa yote itolewe. Kufungua kiungo chochote kikiwa na mgandamizo ndani kumewajeruhi mafundi. Na mtungi haujazwi oksijeni hata kidogo: oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ikikutana na grisi huweza kulipuka.

Kikomo cha kisheria

Katika England na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani jouli 16.27, haihitaji cheti cha silaha. Ikizidi, huingia katika kundi la silaha zinazohitaji cheti cha polisi, na kuwa nayo bila cheti ni kosa, hata kama mwenyewe hakujua. Scotland inataka cheti kwa bunduki nyingi za upepo tangu tarehe 31 Desemba 2016, na Ireland ya Kaskazini hukitaka kwa yoyote inayozidi jouli moja.

Kwa risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547, kikomo cha futi-pauni 12 hufikiwa kwenye kasi ya mita 244 hivi kwa sekunde. Wenye busara hukaa kwenye 238 au 239. Ikumbukwe pia kwamba sheria hutazama uwezo wa bunduki, wala si risasi moja aliyoichagua mwenyewe. Bunduki za aina hii kwa kawaida hutoa nguvu zaidi zikitumia risasi nzito, kwa hiyo iliyo halali kwa risasi nyepesi yaweza kuvuka mpaka kwa nyingine. Ipimwe kwa zote mbili.

Upande wa mchezo, hesabu ni hii: katika umbali wa mita 50, tofauti ya mita tano kwa sekunde huisogeza risasi zaidi ya sentimita moja, juu au chini. Tundu la shabaha huwa na upana wa milimita 40 hivi, na kwa shabaha za karibu huweza kuwa 15 tu.

Risasi ya kwanza ya asubuhi

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni haya: risasi zote zinalingana, isipokuwa ya kwanza baada ya bunduki kulala usiku kucha. Kama kuna geji upande wa chumba kidogo na sindano yake imepanda usiku, basi kidhibiti kinavuja polepole kupitia kiti chake, pengine kwa uchafu au mkwaruzo, na dawa yake ni kukisafisha au kukibadilisha kiti hicho. Kama sindano haikusogea, anayeshukiwa ni vali iliyogandamana baada ya kukaa muda mrefu. Katika hali zote mbili, kukaza springi hakusaidii.

Risasi zenyewe pia si za kupuuzwa. Lugha yetu imezipa jina la madini yake, na madini hayo ni laini: sketi ya risasi ikibonyea kidogo mkebeni, hewa hupenya pembeni na kasi hupungua. Mtutu uliotoka kusafishwa nao huhitaji risasi kadhaa kabla haujatulia, kwa hiyo vipimo vya kwanza visihesabiwe.

Wasomaji wa Ghuba wana la ziada, joto. Mtungi uliojazwa baa 200 katika nyuzi 20 za Selsiasi, ukiachwa ndani ya gari lililofikia nyuzi 60, hupanda hadi baa 227 hivi bila kuongezwa hewa yoyote. Usiachwe humo, na vipimo vichukuliwe katika joto lile ambalo bunduki itatumika.

Mwisho, mtungi wote upigwe hadi chini mbele ya kronografu angalau mara moja, kila risasi ikiandikwa, ili ijulikane kasi huanza kuyumba wapi. Kwa kidhibiti cha baa 100, walengaji wengi hujaza tena sindano inapokaribia 110.