Kusi, Masika na Chwiri: Majina ya Kupungua kwa Joto katika Migori na Homa Bay

Joto linapoanza kupungua baada ya miezi ya jua kali, kila lugha ya Afrika Mashariki huwa na namna yake ya kueleza kwamba watu wamepata nafuu. Namna hiyo haitokani na hisia za mwili peke yake. Hutokana pia na kile ambacho watu wa mahali fulani wamezoea kukingojea: pengine upepo, pengine mvua, pengine nyota. Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Unguja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, kilirithi msamiati wa watu wanaongojea upepo. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo lililoupata msamiati huo ulipofika Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, ambako kinachongojewa ni mvua.

Yafaa kuanza pwani. Huko mwaka hugawanywa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati wa joto. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, nayo huleta ubaridi. Baina ya pepo hizo kuna kipindi kinachoitwa maleleji au tanga mbili, yaani wakati ambapo upepo haujaamua uelekee wapi. Hapo ndipo penye fukuto, neno ambalo halimaanishi ukali wa jua bali uzito wa hewa iliyosimama. Kwa kawaida mwezi wa Machi ndio wenye joto kupita miezi yote mjini Mombasa. Kisha kusi huingia, masika hunyesha, na ifikapo Juni na Julai watu huwa katika kipupwe. Basi mtu wa Mvita au wa Unguja aliyesema zamani kwamba kusi imeingia alikuwa amesema mambo matatu kwa pamoja: upepo umegeuka, joto limevunjika, na majahazi yaliyokuja kutoka Arabuni kwa kaskazi yamepata njia ya kurudi kwao.

Hata maneno ya jumla yanayotumika leo kwa wakati wowote wa mwaka yana chumvi ya bahari ndani yake. Msimu limetokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo ndilo mzazi wa jina la pepo hizi katika lugha za Ulaya. Zamani lilihusu hasa upepo wa biashara na safari zake. Majira, mbali na maana ya wakati, lilitumika na mabaharia kwa maana ya njia au mwelekeo wa chombo. Kaskazini na kusini ni upande wa kaskazi na upande wa kusi, tofauti na mashariki na magharibi ambayo ni maneno ya Kiarabu yanayohusu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Mwanafunzi wa Mbita au wa Nyatike ajifunzapo dira kwa Kiswahili hutaja pepo mbili za Bahari ya Hindi bila ya kujua kwamba amezitaja.

Kwamba majina haya yamefungamana na mahali huonekana vizuri zaidi mtu akiufuata upepo wenyewe hadi unakotoka. Huko Oman, upepo wa kaskazini-mashariki ni upepo wa miezi ya ubaridi. Upepo huohuo ufikapo Unguja huitwa kaskazi na huwa ndio alama ya joto. Maskati huungua kwa jua tangu Mei hadi Septemba, wakati ambapo Mombasa imo katika kusi na kipupwe. Wasemaji wa Kiswahili waliotoka Unguja na kwenda kuishi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine wengi baada ya 1970, walikwenda mahali ambapo kalenda ya joto imepinduliwa. Arabuni, alama mashuhuri ya kupungua kwa joto ni nyota ya Suheli, ambayo huanza kuonekana alfajiri mwishoni mwa Agosti. Kiswahili kililichukua jina hilo la nyota. Lakini kwa kuwa pwani ya Afrika Mashariki haikuihitaji nyota iiambie habari ya joto, suheli lilibaki katika lugha ya mabaharia likiwa jina la upande wa kusini tu. Neno lilivuka bahari, nafuu yake ikabaki ng'ambo.

Jambo linalofanana na hilo limetokea katika safari ya kwenda bara. Homa Bay na Migori, zilizokuwa zamani sehemu za wilaya ya South Nyanza na ambazo tangu 2013 ni kaunti mbili, ziko karibu sana na ikweta: mji wa Homa Bay uko takriban nusu digrii kusini yake, na mji wa Migori kiasi cha digrii moja. Ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Januari, Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati wa jua kali, hasa katika nchi tambarare za kando ya ziwa kama Nyatike, Karachuonyo na Bonde la Lambwe. Upande wa juu, kama vile Uriri, Rongo na Kuria, joto huwa na adabu zaidi. Mwezi Machi mvua kubwa huanza, na ndizo zinazolivunja joto. Mvua ndogo hurudi tangu Oktoba hadi Desemba.

Kwa Kijaluo, lugha ya wakazi walio wengi katika kaunti hizi, mwaka huu una majina yake kamili. Oro ni wakati wa ukavu na jua. Chwiri ni wakati wa mvua kubwa na wa kilimo kikuu, na opon ni wakati wa mvua ndogo. Hakuna hata moja katika majina haya lililo jina la upepo. Asemapo Mjaluo chwiri ochopo, yaani chwiri imefika, husikika humo kwamba vumbi limetulia, kwamba jembe lina kazi, na kwamba usiku mtu atalala vizuri. Kwa mzigo wake wa maana, neno chwiri linasimama mahali pale ambapo pwani imesimama kusi, ingawa kwa ufasiri wa kamusi chwiri ni masika. Huu ndio msingi wa hoja ya makala haya: maneno mawili yaweza kulingana katika mvua yasilingane katika nafuu.

Utaratibu wa kuwapa watoto majina unaonyesha jinsi jua na mvua zinavyokaa karibu na fikira za wasemaji. Ochieng' au Achieng' ni mtoto aliyezaliwa jua likiwaka, Okoth au Akoth ni yule aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Odhiambo au Adhiambo ni wa jioni, jua likiisha ukali wake. Hata hivyo majina haya hayafuati majira, bali saa. Akoth huweza kuzaliwa katikati ya oro, ikiwa siku hiyo wingu moja lilipita. Wachunguzi wanaoyachukua majina hayo kuwa kalenda ya mwaka huyatwisha yasiyoyabeba.

Nafuu ya kila siku nayo haifai kusahauliwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku huvuma kinyume chake. Kwa hiyo mtu wa Homa Bay hupunga upepo alasiri kama mtu wa Mombasa apungavyo, na Kiswahili chake cha kulieleza jambo hilo hakina upungufu wowote. Husema jua limepoa, au kumepoa, au joto limepungua. Kitenzi poa ni cha Kibantu na hakina bahari ndani yake: chakula hupoa, jua hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Maneno baridi, burudika na burudani, yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ubaridi, nayo yamefika bara bila ya kikwazo. Hivyo vitenzi vya nafuu vimesafiri salama. Kilichopungukiwa njiani ni nomino za majira.

Kila nomino ilipatwa na lake. Masika limepata makao mapya bila ya taabu, kwa kuwa mvua ya Machi hadi Mei iko pwani na iko ziwani pia. Vuli limekubalika kwa kiasi, ingawa wengi nchini Kenya hupendelea kusema mvua fupi, na masika kuiita mvua ndefu, kwa kuufuata usemi wa Kiingereza. Kipupwe linafundishwa shuleni kuwa ni wakati wa baridi, na katika nyanda za juu za Kenya, ambako Julai huwa na ukungu na baridi kweli, mwanafunzi hulielewa mara moja. Mwanafunzi wa Homa Bay hulihifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Julai yake ina jua. Kusi, demani na maleleji hayasikiki kabisa.

Neno lililoleta mashaka makubwa zaidi ni kiangazi. Kwa asili ni wakati wa mwanga na jua kali, ule wa kaskazi. Katika matumizi ya Kenya bara mara nyingi limechukua maana ya ukame, yaani kukosekana kwa mvua kwa muda unaodhuru mimea na mifugo. Wakati huohuo wafasiri wa habari za dunia hulitumia kwa majira ya joto ya Ulaya na ya nchi za Ghuba, ambayo ni ya Juni hadi Agosti au Septemba. Vuli nalo limepewa kazi ya majira ya majani kupukutika huko Ulaya. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Migori akutanapo na habari kwamba kiangazi kimekwisha, ana njia tatu za kuielewa: jua limepungua ukali, ukame umekoma, au Ulaya imefika Septemba.

Mashaka haya si ya darasani tu. Mkulima anayetegemea mvua ya chwiri hupanda mahindi au mtama mara ardhi inapolowa. Kupungua kwa joto kwa siku chache, mawingu yakitanda na manyunyu yakianguka, si sawa na kuanza kwa mvua yenyewe. Mbegu zilizopandwa kwa kuyaamini manyunyu zaweza kukauka kabla ya mvua ya kweli. Tangazo lisemalo kwamba kiangazi kinaelekea kwisha halimwambii mkulima huyo ni lipi kati ya mambo hayo mawili linalotarajiwa. Kwa Kijaluo tofauti hiyo hutajwa bila ya jitihada, kwa kuwa koth ni mvua yoyote inyeshayo, na chwiri ni majira yenyewe.

Zaidi ya hayo, nafuu ya mmoja huweza kuwa hasara ya mwingine. Akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa wa ziwani, katika fuo za Mbita, Homa Bay na Muhuru hulihitaji jua la oro. Mvua ikija ghafla omena huloa, huoza na kushuka bei. Katika bonde la chini la Nyatike, mto Kuja hufurika mvua zikizidi na kuwahamisha watu. Huko huwezi kulifasiri neno chwiri kwa nafuu peke yake bila ya kuongeza neno la tahadhari.

Upande wa Tanzania kuna mfano unaostahili kuangaliwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo hutoa utabiri wake kwa majina ya vuli na masika kwa mikoa yenye mvua mara mbili kwa mwaka, na huita mvua za msimu zile za mikoa yenye mvua mara moja, tangu Novemba hadi Aprili. Neno lililokuwa la upepo limegeuzwa kwa makusudi kuwa la mvua, na likawekewa mipaka ya miezi. Matangazo hayo husikika hadi Isebania, mahali ambapo Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kamusi zijazo zingeweza kufuata njia hiyo kwa kuonyesha, chini ya kidahizo kiangazi, miezi na eneo linalohusika kwa kila maana, na kukiachia kidahizo ukame kazi yake. Kuhusu chwiri na opon, hakuna sababu ya lugha yasiingie katika Kiswahili cha kando ya ziwa kama omena lilivyokwisha kuingia. Tayari husikika katika mazungumzo ya Kiswahili ya wakulima wa huko.